Japheth na Jogoo Katika Nyumba Mpya

Mume wangu Japheth ni mtu wa kuheshimika. Nasema hivyo mapema kwa sababu nikishaanza habari ya nyumba yetu ya Migori heshima yake itapungua kidogo, na mimi bado naishi naye.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Sote wawili tulikuwa walimu, tumepanga vyumba viwili karibu na stendi, kwenye ploti ambayo wapangaji wote walitegemea bomba moja uani. Kila alfajiri niligombana na jirani yangu Mellen juu ya nani aliyetangulia kuweka ndoo. Nilikuwa nimechoka na ndoo, nimechoka na Mellen, na naamini Mellen pia alikuwa amenichoka. Basi Nyamhanga, mjenzi mmoja Mkuria kutoka Kehancha, alipoanza kujenga nyumba za kuuza kando ya barabara ya Rongo, na kutangaza kwamba kila nyumba itakuwa na bomba lake jikoni, nilimwambia Japheth kwamba tusiponunua moja, mimi narudi kwetu Kisegi, kando ya ziwa, kuuza dagaa wa omena. Sikuwa natania.

Tukaenda kwa wakili. Mkataba ulikuwa kwa Kiingereza cha mahakamani, lakini wakili mwenyewe alikuwa mwungwana, akatueleza kila neno polepole. Dipoziti ni pesa ya kuishikilia nyumba, na unaweza kuidai irudi mradi hamjakabidhiana. Siku ya makabidhiano wanunuzi wanaikagua nyumba yote, wanataja kila kasoro, mjenzi anarekebisha, ndipo wanatia sahihi. Kisha akavua miwani akatuonya: ukihamia kabla ya siku hiyo, hata ukilala usiku mmoja tu, umeikubali nyumba jinsi ilivyo, na ikianguka dari ni yako. Alilirudia hilo. Japheth aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kosa langu, kama ni kosa, ni kwenda Kisegi kumwona mama wikendi ile ile ambayo mafundi walimaliza kuezeka.

Habari ya paa ilifika Rangwe kabla sijarudi Migori. Huko anakaa baba Boaz, ndugu yake marehemu baba mkwe wangu, ndiye aliyemlea Japheth. Mzee Boaz hasomi mikataba. Anachojua ni kwamba mwanamume akipata nyumba mpya huingia na jogoo, shoka na moto, na analala humo siku hiyo hiyo. Alifika Migori jogoo akiwa kwapani. Japheth akajaribu kumweleza maneno ya wakili. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza huyo wakili ni wa ukoo gani. Mume wangu, anayefundisha watoto wa watu hesabu, akaenda kuomba ufunguo.

Nyamhanga alimpa kwa mikono miwili, huku akicheka. Hapo tu mtu mwenye akili angeshtuka.

Niliporudi Jumapili mchana, Mellen alinipokea mlangoni kwa furaha ambayo sijaisahau. Akasema bwana wangu amehama. Sikutua hata mkoba, nikaenda moja kwa moja barabara ya Rongo. Nilimkuta baba Boaz kwenye kigoda nje, kwa sababu yeye hawezi kuingia nyumba ya mwanawe kabla mke wa nyumba hajampikia. Japheth alikuwa mlangoni, nguo zimelowa, jogoo kasimama dirishani.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumamosi usiku hadi Jumapili asubuhi, na paa lilikuwa limevuja. Bomba la jikoni lilitoa upepo na mlio, si maji. Mlango wa choo ulifungukia ndani ukagonga bakuli, hata mwenye mwili mdogo kama wangu angelazimika kuingia kinyumenyume.

Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Nyamhanga naye akatokea, kanyoa vizuri.

"Madam, bwana yako amelala," akasema. "Wakili alisema mtu akilala, amekubali vile iko."

Nikamgeukia baba Boaz, kwa heshima iliyobaki, nikamwuliza kwa nini hakuningoja.

"Nyar Suba," akasema, maana huniita binti wa Suba, "nyumba ikishaezekwa hailali bila mwenyewe. Ikilala tupu, kitu ingine inaingia kulala."

Nikamwambia Japheth achukue nguo zake turudi kwetu. Hapo ndipo nilipojua msiba ulivyo mkubwa. Hakuweza kurudi. Mwanamume akishalala nyumba mpya halali tena ya zamani, ni chira, laana inayokula mtu na watoto wake. Atabaki hapo mpaka mkewe aingie, nyumba ikamilike. Wote watatu wakanitazama, mmoja kwa aibu, mmoja kwa matumaini, na Nyamhanga akitabasamu tu.

"Mimi siingii," nikasema. Nikarudi kwenye ndoo zangu.

Nililia njiani, sitaficha. Akiba yetu yote ya ushirika wa walimu ilikuwa chini ya paa lile linalovuja, na nilikuwa nimekwisha kumwambia Mellen kwamba tunaondoka.

Japheth alikaa humo peke yake na jogoo, baba Boaz akilala kwa jamaa mjini na kurudi kigodani kila asubuhi. Alikuja shule akinuka moshi, shati halijapigwa pasi, na walimu wenzetu wakawa wanamwuliza jogoo ameamkaje. Kila jioni nilimpelekea chakula, nikampa dirishani. Mara moja alinishika mkono akawa hauachii, nami nikasikia huruma, lakini nikauvuta.

Ambacho Nyamhanga hakukijua ni kwamba nyumba zake nyingine zilikuwa zimelengwa na watu wetu, Wajaluo wa Rongo na Homa Bay. Wa kwanza kurudi kutazama yake alikuwa Filister, muuza mitumba kutoka Homa Bay, aliyekwisha kulipa dipoziti ya nyumba inayopakana na yetu. Akamkuta baba Boaz kwenye kigoda chake, akamsalimia, akauliza majirani ni akina nani.

Mzee wetu ana kasoro zake, lakini uongo haujui.

"Bwana ameingia," akamwambia. "Mke amekataa."

Filister hakuuliza la pili. Alikwenda kwa wakili siku hiyo hiyo kudai dipoziti yake, na wakili akathibitisha kwamba ni haki yake, maana hawajakabidhiana. Wa Rongo wakafuata. Nani atakaa kando ya nyumba ambayo mke ameikataa, chira ikimnyemelea mlangoni?

Nyamhanga akaja kwangu na mkate na sukari. Hakuwa anacheka.

"Madam, kwetu Kehancha hii maneno hatuna," akasema. "Ingia tu, hata dakika moja, watu wakuone."

Nilipokea sukari. Nikamwambia nitaingia siku ya makabidhiano, baada ya ukaguzi, kama wakili alivyosema.

Basi mafundi wakarudi. Na siku ya ukaguzi ilipofika, nilikagua nyumba nzima bila kuikanyaga. Nilizunguka dirisha kwa dirisha, Nyamhanga akikimbia ndani chumba hadi chumba, mimi nikimwamuru: fungua bomba, funga, fungua tena. Fundi mmoja alipanda ngazi akamwaga maji juu ya paa, Japheth akasimama chini yake, akatoka mkavu. Mlango wa choo ulikuwa umegeuzwa. Nyamhanga aliufungua na kuufunga mpaka nikamwambia inatosha.

Kisha nikaja mlango wa mbele, nikaona sakafu ya sebule. Saruji nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, na katikati yake duara jeusi la jiko la makaa, na mavi ya jogoo yaliyokauka kutoka ukuta hadi ukuta. Nikainua kidole.

Nyamhanga akajifuta jasho. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi uso wake ulichangamka.

"Hapo hapana, madam. Hiyo si kasoro ya mjenzi. Hiyo imeharibiwa na mwenye kulala."

Nilifikiri kidogo, nikaona anasema haki. Nikamtazama Japheth. Akavua viatu, akachukua brashi na sabuni, akapiga magoti.

Akasugua. Baba Boaz akageuza kigoda chake akatazama barabarani, ili asimwone mwanawe akifanya kazi hiyo. Nyamhanga alisimama na kalamu, akiniuliza kama sasa naweza kutia sahihi. Nikamwambia sakafu haijakauka.

Japheth akanyanyua kichwa, sabuni hadi kwenye kiwiko.

"Min Achieng," akasema taratibu, akiniita mama wa binti yetu, "humu ndani hakuna mtu wa kuniambia nimekosea. Ingia."

Nikatia sahihi nikiwa nimesimama kizingitini. Halafu nikaingia na viatu vyangu, nikapita katikati ya sakafu mbichi mpaka kwenye bomba langu. Nyuma yangu nilisikia brashi ikianza upya.