Dunia Mfukoni mwa Aproni

Verna alikuwa ameshachemsha kahawa mara tatu na hakuna aliyeiomba. Akikaa, kiti kinamchoma. Akiinuka, anachungulia theluji dirishani kisha anarudi mezani kuhesabu vipande vya picha vilivyobaki. Thelathini. Ishirini na kitu. Na kila mara mkono wake ulipapasa mfuko wa aproni, mfuko ambao haukuwa na kitu.

Kila Sikukuu ya Shukrani familia hii ya Duluth, Marekani, hucheza mchezo wa kuunga picha ya vipande elfu moja, kuanzia Alhamisi bata mzinga akishaliwa mpaka Jumamosi. Anayebandika kipande cha mwisho huandika jina lake kwenye kifuniko cha boksi la kwanza kabisa, kilichotundikwa jikoni. Jina la Orville, marehemu mumewe, limo mara tisa. La Verna halimo hata mara moja katika miaka thelathini na minne, kwa kuwa picha ikifika mwisho yeye huwa anaosha vyombo.

Picha ya mwaka huu aliinunua Orville mwenyewe, wiki mbili kabla moyo wake haujasimama. Ni mchoro wa kale wa mbingu, wa enzi watu walipoamini kwamba jua na sayari zote huizunguka dunia. Dunia yenyewe iko katikati, ndogo, imeenea kwenye kipande kimoja. Kipande hicho Verna alikinyakua Alhamisi akakitia mfukoni, ili akibandike yeye mwishoni. Alitaka jina lake likae chini ya la mumewe. Alilitaka mno, wala hakuona haya.

Ijumaa aproni ikatoweka. Jioni ikarudi safi, imepigwa pasi, mfuko mtupu. Aliyeifua ni Renata, mke wa mwanawe Dale. Kumuuliza kungekuwa kujitangaza mwizi.

"Kimepungua kimoja!" Dale alipiga kelele pale mezani, Jumamosi hiyo. "Katikati hapa, dunia haipo!"

"Nani kapitisha mashine ya vumbi jana?" akauliza Dagny, dada yake Orville, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika.

"Mimi, shangazi," Renata akajibu.

"Haya, dunia imemezwa. Asante sana, Bibi Usafi."

"Si nilikwambia usiguse zulia mpaka tumalize?" Dale akafoka.

Renata aliburuta mashine mpaka gereji akaifungue. Verna akasimama, akakaa, akasimama tena, akamfuata.

Alimkuta ameketi juu ya ndoo, mashine haijafunguliwa. Renata alitoa kipande mfukoni mwake akamnyooshea.

"Nilikikuta kabla sijafua, Mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbele ya nani? Tangu jana nakuvizia nikupe kisiri, lakini hutulii hata dakika. Kabandike. Mimi nitasema nimekikuta humu kwenye vumbi. Wameshazoea kunilaumu."

Yale maneno ya mwisho yalimkata Verna maini. Miaka mitatu binti huyu yumo nyumbani mwake, na Verna hakuwahi kumtetea hata mara moja.

Alimshika mkono wakarudi sebuleni. "Kilikuwa kwangu," akasema. "Nilikiiba Alhamisi. Renata kanificha aibu, na ninyi mmemtukana."

"Mama!" Dale alishika kichwa.

"Yarabi, wifi!" Dagny alicheka mpaka akakohoa. "Basi umejiharibia. Mwizi haandiki jina."

"Sawa," Verna akamjibu. "Lete kitambaa basi, tufute na la kaka yako. Mara zote tisa kipande cha mwisho alikificha kwenye soksi yake. Soksi hizo nilizifua mimi."

Dale alitazama kifuniko pale ukutani, kisha akamtazama mama yake, na masikio yakamwiva kwa aibu.

"Bandika, mwanangu," Verna akamwambia Renata.

Renata alikisukumiza kipande kwa kidole gumba, kikaingia. Dale mwenyewe ndiye aliyekishusha kifuniko na kumpa mkewe kalamu, akisema samahani kwa sauti ya chini. Renata akaandika polepole, pale pale chini ya jina la Orville, kwenye nafasi ambayo Verna alikuwa ameipigia hesabu usiku mbili bila usingizi.

Iliuma. Verna hakujidanganya kwamba haikuuma. Aliivua aproni, akamtupia Dagny kifuani.

"Vyombo leo ni vyako, wifi," akasema, akavuta kiti karibu na Renata, akakaa.