Soketi Iliyopiga Chafya

Kitendawili, wewe unayenisoma! Anakaa ukutani kwangu, ana matundu matatu ya pua na hajawahi kupiga chafya. Umeshindwa? Basi nipe mji. Haya, nimeupokea, nimekwenda, nimekula pilau ya huko na nimerudi. Ni soketi ya umeme.

Usiku wa jana niliota hiyo soketi ikapiga chafya.

Ngoja kwanza nikueleze jambo. Marehemu mume wangu, Mhando, alikuwa mwashi. Tulipokuwa vijana alikwenda Mwanza kujenga, akaniacha hapa Korogwe. Kalamu ilimshinda, kwa hiyo tuliandikiana kwa kaseti: anajirekodi, anampa dereva wa basi, nami najibu hivyo hivyo. Safari moja nikajikaza nikamuuliza: siku ile ulikuja kwetu kumwangalia dada yangu Havijawa, mbona ukaniposa mimi? Maana dada maisha yake yote amesema, "Mimi nilimkataa, wewe ukaokota."

Jibu lilikuja. Nililisikilizia kwa jirani mwenye redio, nyumba imejaa watu. Mhando alipofika kwenye "Ama lile uliloniuliza, mke wangu," akashusha sauti, na wanawake wakapiga vigelegele. Sikuambulia kitu. Aliporudi niliona haya kumuuliza tena, na sasa ni mwaka wa tisa tangu tumzike.

Kaseti ninayo. Redio yangu, mahali pa betri pameliwa na kutu, na nikiichomeka ukutani inanguruma, ule mnong'ono unazama humo humo. Mjukuu wangu Sikudhani ni fundi umeme. Kasema redio haina kosa, kosa ni soketi: imelegea, na waya wa ethi, ule wa kijani unaotakiwa kuzikwa ardhini, haupo kabisa. Akasema atakuja kuibadilisha Jumamosi. Nikamwambia asiwe na haraka. Je, kama dada alisema kweli? Ile ngurumo ilikuwa inanisitiri.

Haya, sasa ndoto.

Soketi inapiga chafya. Vumbi linatoka, halafu anatoka mjusi, anaomba radhi, anakwenda zake.

"Shikamoo, bibi," inasema soketi.

"Marahaba. Mafua?"

"Meno yameniisha. Miaka yote hii naishika plagi yako kwa ufizi. Na huu umeme wanaoniletea mchafu, bibi! Haufiki kwangu mpaka upite kwenye mashine ya kusaga ya Mzee Kilua."

"Utoe niuone."

Inautema. Umeme unamwagika sakafuni kama unga wa dona, pumba tupu. Nachukua ungo, nakaa chini, napepeta. Pumba zinapeperukia uani, kuku wanazidonoa, na kila anayedonoa anaanza kunguruma. Tetea wangu mweusi ananguruma kama lori linalopanda mlima. Namwambia apunguze, kuna wageni wanakuja.

Wageni ni Sikudhani na soketi mpya. Soketi mpya ni nyeupe, imekaa mkekani, haisemi, imeinamisha uso kama bwana harusi.

"Mimi siondoki bure," inasema soketi ya zamani. "Kitendawili!"

"Tega."

"Nimesikilizwa miaka arobaini, sijasikika."

Jibu nalijua. Liko kwenye ncha ya ulimi. Lakini nikilitaja itaondoka, na ikiondoka nitasikia.

"Nimeshindwa," nasema.

"Nipe mji."

"Nakupa Muheza."

Muheza yote inapita sebuleni kwangu, watu na vikapu vyao vya machungwa, wakielekea kwenye tundu la kushoto. Mama mmoja ananitazama. "Ungesubiri basi tumalize msimu ndipo utugawe," anasema, na anaingia.

"Mji mtamu, ila mdogo," soketi inasema huku inatafuna. "Jibu bado hulijui?"

"Silijui."

"Bibi," anasema Sikudhani, "unadanganya soketi?"

"Nyamaza wewe."

"Basi nipe mwingine," inasema soketi.

Natafuta mji mwingine mdomoni. Umebaki mmoja tu.

"Nakupa Mwanza."

Kuta zinajikunja. Tuko ndani ya chumba huko Mwanza, sakafu ya udongo, dirisha limezibwa kwa gunia. Waashi wanne wamebanana kitandani. Na Mhando huyo, kijana, amevaa singlendi, anaitazama redio kwa adabu kama anayeongea na mkwe. Soketi ya zamani iko ukutani hapo, imeshiba, inasinzia.

Redio inanguruma. Sikudhani ananipa waya wa kijani.

"Shika, bibi. Hapa hakuna ethi. Sheria inasema lazima ishike ardhi."

"Nani aishike?"

"Vua ndara."

Navua. Nakanyaga udongo, naukamata waya. Ngurumo inaniingia kiganjani, inashuka kiunoni, magotini, inanitekenya nyayo, inazama ardhini. Kimya. Namsikia Mhando anavyomeza mate.

"Ama lile uliloniuliza, mke wangu," anasema.

"Sema kwa sauti, bwana!" anafoka mwashi mmoja. "Mkeo yuko Korogwe, unamwogopea nini?"

Nikiuachia waya, ngurumo itarudi na nitabaki kama nilivyokuwa. Nadhani ni jambo jepesi, kufungua vidole tu. Mhando anasogeza mdomo kwenye redio. Nami nauvuta waya kifuani, nauminya kwa mikono yote miwili.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia ndani. Sikudhani alikuwa amepiga magoti sebuleni na bisibisi yake.

"Shikamoo, bibi. Leo umelala! Nimeshamaliza, hata ethi nimeichimbia nje. Nirudi Jumamosi nyingine kama ulivyotaka, au nijaribu?"

Nilikaa kitako kwenye mkeka.

"Weka ile kaseti," nikamwambia.

Akaiweka. Hakuna ngurumo. Mhando akakohoa, akasalimia jirani mmoja mmoja, akamuulizia mbuzi.

"Ama lile uliloniuliza, mke wangu..."

Kisha ikaja sauti ya mwashi, maneno ambayo katika kaseti hiyo sijapata kuyasikia hata siku moja: "Mhando, huyo bibi kizee aliyesimama peku hapo, kakumbatia waya, ni nani?"

"Ndiye mwenyewe," akajibu Mhando. "Nyamazeni, anasikiliza."

Sikudhani akanitazama miguu. Nikaivuta ndani ya kanga.

Halafu mume wangu akanong'ona, na safari hii nikapata kila neno:

"Dada yako alinikaribisha vizuri, akaweka chai, akainamisha macho. Wewe ulisimama mlangoni ukanicheka soksi, moja nyeusi, moja ya bluu. Nikasema moyoni, huyu ndiye, huyu hatanificha kitu. Ila usimwambie mtu habari za soksi, hawa jamaa watanimaliza."