Mikate Mia Mbili ya Kambini

Mwaka wa tisini na nne Justa alikuwa na tanuri la matofali nyuma ya nyumba yake pale Kisesa, na kila asubuhi mikate yake mia mbili ilipelekwa kwenye kambi ya jeshi kwa mkokoteni. Mia mbili mingine ilitoka kwa Hellen, mjane aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Hellen huyo ndiye aliyemfundisha kukanda unga, Justa alipoletwa pale na mumewe akiwa bibi harusi asiyejua hata kupima chachu.

Kambi ndiyo ilikuwa shamba lao. Wauza maziwa, wachanja kuni, mafundi viatu, wenye vilabu vya pombe, wote walikula kupitia lango lile. Kisha redio ikasema serikali inabana matumizi, na jeshi nalo halikusazwa. Malori yaliyoleta kuruta yakaanza kuja nusu tupu, na siku moja Sajini Chenge, mtunza stoo ya chakula, akamwita Justa.

"Mama, fungu letu limekatwa. Mwezi ujao nachukua mikate mia mbili tu, na nataka mpishi mmoja. Ni wewe au Hellen."

Justa angeweza kumwambia wagawane mia mia. Neno hilo lilimfika hadi ulimini. Lakini mumewe, Machibya, alikuwa amekwisha kupunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba, na tanuri lao ndilo lililobaki kulisha nyumba.

"Afande, mimi sipendi kusema watu," alisema huku akitazama magunia. "Ila mwenzangu ana kikohozi kisichoisha. Anakoholea unga. Nimeona kwa macho yangu."

Kikohozi kilikuwepo kweli. Kilikuwa cha moshi, na Justa alijua, maana hata yeye kilimshika kila alipochoma kuni mbichi. Lakini miaka ile mjane akikohoa, hakuna aliyefikiria moshi.

Maneno yakatoka stoo, yakapita lango, yakaingia sokoni. Kambi ikaacha mikate ya Hellen, na watu wa barabarani nao wakaacha. Mama mmoja alimrudishia mkate uliokwisha kukatwa. Haikupita miezi miwili Hellen akafunga mizigo ahamie Mkuyuni na binti yake Evelina. Siku ya kuondoka alipita kwa Justa.

"Chukua chekeche langu, mdogo wangu. Huko niendako halina kazi."

Justa akalipokea kwa mikono miwili. Usiku ule alikula bila kuhisi ladha ya chakula.

Mikate mia mbili ilidumu miezi mitano. Kisha kambi ikafungwa kabisa. Sajini Chenge alikuja kuaga akiwa amevaa nguo za kiraia.

"Na mimi nimepunguzwa, mama," alisema, akacheka kicheko kisichofika machoni.

Vilabu vikanyamaza, wachanja kuni wakarudi vijijini kwao. Justa alioka mikate ishirini, ikamdodea. Wiki iliyofuata hakuwasha moto. Ndipo alipopanda gari kwenda Mkuyuni.

Alimkuta Hellen chini ya majabali, ameketi juu ya gunia, anaponda kokoto. Vumbi lilikuwa limemfanya mweupe mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kambi wamefunga, nimesikia."

"Wamefunga." Justa alisimama pale muda mrefu, akimsikiliza, akingoja kikohozi. Hakikuja. "Dada, yale maneno ya kikohozi, ni mimi niliyempelekea Sajini."

Nyundo haikusimama. "Najua. Aliniambia siku ile ile."

"Ulijua, na bado ukanipa chekeche?"

"Nilitaka nione kama utalipokea."

Justa akapiga magoti kwenye kokoto, machozi yakamtoka. "Nisamehe, dada yangu."

"Inuka, utajikata," Hellen alisema, sasa akiwa ameshusha nyundo. "Evelina ameacha shule. Yuko kule juu anabeba mawe kichwani. Mwombe yeye kwanza, halafu ndiyo urudi kwangu."

Justa aligeuka, akamwona msichana akishuka taratibu, shingo imekaza chini ya jiwe. Akainuka, akajifuta uso kwa upande wa khanga, akaanza kupanda kumfuata.