Mbeleko ya Asiyefika

Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa amefungwa mgongoni kwa Rehema, mwili ameukaza kama ubao, hataki kulala wala kunyamaza. Latifa alimtazama binti yake akizunguka ua bila mafanikio, kisha akaenda ukutani, akaitungua mbeleko ya Mbelu, aliyezoea kumbeba mtoto huyo, kwenye msumari, akamwambia amfungue mtoto na kumfunga tena kwa kitambaa hicho. Mtoto alisukuma pua yake kwenye nguo ile, akanusa, akashusha pumzi. Muda si muda alikuwa amelala, na Rehema akafuta jasho.

Ndivyo nyumba ile ilivyoendeshwa. Kila alfajiri wauza samaki, wauguzi na wake za watu wa reli walipita kwa Latifa, mtaani Kasuku, wakaacha watoto wao na kwenda kutafuta riziki. Waliowapokea walikuwa wanawake watatu: Latifa mwenyewe, bintiye Rehema, na Mbelu, mwanamke kijana wa ukoo wa Kikasai ambao reli ndiyo iliyouleta mjini Kindu. Kila mtoto mchanga alikuwa na mgongo wake. Mwenye mgongo akikosa kufika, aliyemshikia zamu alijifunga mbeleko yake, kwani mbeleko zilikaa pale pale nyumbani na hazikufuliwa ovyo. Na nafasi ya asiyefika haikupewa mtu mwingine. Wazazi walidhani huo ni wema, naye Latifa hakuwakatalia. Nani hukataa kusifiwa?

Mbelu alikuwa ameondoka pasipo kuaga. Mumewe, Célestin, alikuwa akichimba dhahabu Kampene, na jirani mmoja alidai kumwona Mbelu akipanda pikipiki na kifurushi mapajani, macho yamemvimba. Wiki ikaisha, nyingine ikaanza. Rehema, aliyekuwa sasa akibeba mmoja mgongoni huku akimlisha mwingine mapajani, akaona imetosha.

“Mama, huyu hatakuya tena,” alisema. “Tutwae Zawadi. Iko pale kwa jirani, hana kazi, na watoto wanamujua.”

“Mbelu hajasema ameacha.”

“Hajasema kitu. Hiyo njo kuacha.”

“Kukosa kufika si kuacha,” alisema Latifa, akaingia ndani.

Rehema alilijua jibu hilo tangu utotoni, na alijua kwamba mazungumzo hayakuwa tena juu ya Mbelu. Mwaka ule wa vita mji ulipozingirwa, treni ziliposimama na sokoni kukabaki meza tupu, wanawake wa Kasuku walikuwa wakivuka mto kwa makundi kwenda mashamba ya nyuma ya Alunguli kuchuma sombe, majani ya muhogo. Watoto walibaki kwa Latifa na jirani yake Sifa, na hao wawili nao walipeana zamu ya kwenda. Siku moja zamu ilikuwa ya Sifa, si ya mtu mwingine. Hata njia ya kujilaumu Latifa hakuipata. Kabla ya adhuhuri risasi zilisikika ng'ambo. Mitumbwi iliporudi ilileta wanawake wachache, na Sifa hakuwamo.

Sifa aliacha mtoto wa kiume, Fadhili, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusema. Latifa alijifunga mbeleko ya Sifa, akambeba, akamwambia mama yuko njiani. Mtoto alinusa kitambaa, akalala, na kesho yake vivyo hivyo. Lakini siku zilivyokwenda, jasho la Latifa liliingia katika nyuzi za nguo ile, hata asubuhi moja Fadhili akainusa, akageuza uso, akalia. Mbeleko ilikuwa inanuka Latifa tu. Hilo hakumwambia mtu. Sheikh alipokuja kumweleza kwa upole kwamba maiti asiyeonekana naye husaliwa, alimjibu kuwa Sifa hajafika, basi. Matanga hayakuwekwa, hitima haikusomwa. Vita vikaisha, treni zikarudi kwa kusuasua, Fadhili akaota ndevu na kuwa fundi wa pikipiki, na neno likabaki lile lile: hajafika.

Kwa hiyo Zawadi hakuitwa. Latifa alijifunga mwenyewe mbeleko ya Mbelu, akambeba mtoto mchanga mgongoni, akaendelea na kazi kana kwamba magoti yake hayakuwa na umri. Asubuhi moja Rehema alikuwa ametoka kuteka maji. Latifa alikuwa akikoroga uji kwenye mbabula, jiko lake la mkaa, makaa yamewaka vizuri, watoto wakicheza nyuma yake. Beya, binti wa muuza samaki mmoja, ambaye alikuwa bado anatembea kwa kuyumba, alifika kwa upande, akashika sikio la sufuria. Latifa alimwona. Zamani angemdaka kabla hajagusa. Sasa uzito wa mgongoni ulimvuta nyuma, akaogopa kumwangusha yule aliyembeba, akasita, na katika kusita huko uji ukamwagika wote juu ya mkono na kifua cha Beya.

Mama yake Beya hakugombana. Laiti angegombana. Alikaa kando ya kitanda hospitalini, bado ananuka samaki, akimpepea mtoto kwa ncha ya kikwembe chake, na mwishowe akauliza jambo moja.

“Mulikuwa wangapi pale na watoto, mama?”

Latifa alimwambia kwamba wakati ule alikuwa peke yake.

“Na sisi tulikuwa tunajua muko watatu,” alisema yule mama, akageukia kitanda.

Beya hakufa. Lakini vidole vya mkono wake wa kulia vilishikana kovu lilipokauka, na daktari hakuwaficha kwamba mkono ule hautarudi kuwa mkono. Mama yake hakumleta tena. Baadhi ya wazazi nao wakaanza kupita mbele ya mlango wa Latifa, watoto migongoni, wakisalimu kwa adabu bila kusimama. Latifa aliona aibu iliyomfanya akose hamu ya chakula. Na hata hivyo, Rehema alipomtaja Zawadi tena, mbeleko ya Mbelu ilibaki msumarini.

Aliyeleta habari alikuwa Asumani, dereva wa pikipiki anayebeba watu na mizigo kati ya Kindu na Kampene. Fadhili alikuwa akimtengenezea mnyororo, akasikia jina la Mbelu, akaacha kazi na kumleta moja kwa moja uani kwa mama yake wa kulea. Asumani alikataa kiti. Alisimulia akiwa amesimama, kofia mkononi. Shimo lilikuwa limeporomoka, Célestin na wenzake wakiwa chini. Watu walichimba, udongo ukaendelea kushuka, wenye shimo wakaamuru kazi isimame. Wake za wenzake walikuwa wamekwisha kunyoa nywele za msiba na kurudi makwao. Mbelu hakutaka. Alikuwa amejenga kibanda cha majani karibu na mdomo wa shimo, na kila siku alipika ugali wa mumewe, akaufunika, akangoja. Alikuwa amekonda kiasi cha kutisha.

“Amenituma kwako, mama,” alisema Asumani. “Anasema umuchungie nafasi yake. Watakuya wote wawili.”

“Watu wamemuambia?”

“Wote wamemuambia. Hataki kusikia. Anasema bwana yake hajatoka, basi.”

Latifa aliketi chini. Kila neno alilokuwa amelisikia lilikuwa lake, alikuwa amelisema yeye miaka yote hiyo, na sasa lilimrudia kutoka kinywani mwa mgeni, likiwa na sura ya msichana anayekufa njaa kando ya shimo huku amefunika sahani ya mtu mwingine. Aliogopa. Alimwogopea Mbelu, na akaona alichojitendea yeye mwenyewe.

“Umuambie nafasi yake nimeshapatia muntu mwingine,” alisema.

Rehema, aliyekuwa mlangoni na mtoto mgongoni, aliinua kichwa. Asumani akavuta kofia vidoleni, akasema maneno hayo yatamuumiza sana.

“Yamuumize. Umuambie na hili: akuye alie hapa, kwetu, si kule peke yake. Ukirudi, umubebe. Akikataa, umubebe vile vile.”

Asumani aliitikia, akaondoka. Fadhili alitaka kumfuata, maana mnyororo ulikuwa bado umelala chini kule barazani kwake, lakini Latifa alimshika mkono. Mkono ulikuwa na grisi hadi kwenye kiwiko. Alitafuta namna ya kuanza, akaona hakuna.

“Fadhili,” alisema, “mama yako alikufa.”

Hakushtuka. Alichutama mbele yake, akamtazama kwa huruma ambayo Latifa hakuitarajia, huruma ya mtu mzima kwa mzee.

“Ninajua, mama.”

Akamweleza pole pole. Alikuwa bado mvulana alipovuka na wenzake kwenda kutafuta mbao ng'ambo, na mkulima mmoja, alipojua yeye ni mtoto wa nani, akamwonyesha mahali walipozikwa wanawake wa siku ile, wote pamoja, na wengine waliouawa baada yao. Alisoma Fatiha palepale, kwa kubahatisha, kwa sababu hakuwa ameihifadhi vizuri. Tangu hapo alikuwa akienda kila baada ya mfungo. Alikuwa amepanda maua, na mbuzi walikuwa wameyala.

“Na hukuniambia,” alisema Latifa.

“Wewe njo ulikuwa unamungoja. Mimi nilikuwa nangoja wewe.”

Latifa alilia hapo, kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya watoto wa watu walioacha kucheza na kumkodolea macho. Rehema hakuwaondoa. Machozi yalipopungua, Latifa alijifuta kwa ncha ya mtandio.

“Iko mbali?” aliuliza.

“Hapana mbali. Tukishavuka, ni kutembea kidogo tu.”

Kidogo tu, na miaka yote ile. Alitikisa kichwa, akajishikiza begani kwa Fadhili, akainuka. Kisha akamwita Rehema, akamwambia aende kwa jirani amwambie Zawadi aanze kesho asubuhi, kwa maana yeye atavuka mto na Fadhili, na hajui watarudi saa ngapi.