Samadi ya Ng'ombe wa Mahari

Ng'ombe walipochukuliwa kurudishwa Butiama, hata ndama waliozaliwa pale Mugeta waliswagwa nao. Clementi alisimama langoni mwa zizi akiwaelekeza kwa fimbo, kana kwamba hakuwahi kuishi na Ghati miaka minane. Kosa la Ghati lilikuwa moja tu: hakuzaa. Alirudishwa Mugeta kwa baba yake, mzee Isidori, na mahari ikafuatwa yote.

Kilichobaki zizini ni samadi, imefika magotini.

Ghati hakulia. Alichukua jembe. Aliichimba samadi ile, akailundika, akainyeshea maji, akaifunika kwa majani ya migomba na kuigeuza kila baada ya wiki mbili. Kila jembe liliposhuka, alimwona Clementi. Ilipoiva na kupoa, alitengeneza matuta akapanda mchicha, mnavu na sukuma wiki. Majani yakatoka mapana kama sahani. Haukuisha mwaka, mama lishe wa Bunda wakawa wanamgombania, naye akaanza kupeleka mboga mpaka soko la Nyasho, Musoma.

Habari zikafika Butiama. Wale ng'ombe Clementi alikwisha kuwatoa mahari kwa kina Agness, mke wake mpya, na zizi lake lilikuwa tupu. Wawili hao walikuwa wameanzisha bustani, lakini mboga zao zilidumaa. Asubuhi moja Clementi akafika Mugeta na pikapu ya kukodi.

"Samadi hiyo ni ya ng'ombe wangu," alisema, hata salamu hakutoa. "Nimekuja kuichukua."

Mzee Isidori aliinuka na mkongojo wake. Ghati akamshika bega.

"Mwache, baba. Achukue."

Akamwonyesha Clementi lundo la kando ya uzio. Juzi yake tu alikuwa amelichanganya na kinyesi kibichi cha kuku, na ndani lilichemka kiasi cha kutotia mkono. Samadi iliyoiva ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Clementi alipakia haraka haraka, uso umemchangamka, akaondoka.

"Mbona hukumwambia bado mbichi?" mzee aliuliza.

"Hakuniuliza. Miaka yote ile alikuwaga haniulizi kitu."

Wiki tatu baadaye, Ghati alikuwa Nyasho akishusha mafungu yake, Agness akamjia. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa na malengelenge ya jembe.

"Dada, miche yote imeungua. Matuta yote. Ile mbolea ilikuwa na nini?"

Ghati aliendelea kupanga sukuma wiki mezani, fungu juu ya fungu.

"Ilikuwa mbichi. Ilitakiwa ikae miezi mitatu ndipo iguse mche."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Na ukifika nyumbani mwambie mumeo hivyo hivyo, kwamba Ghati alijua."

Agness alijifunika uso kwa kanga akaanza kulia katikati ya soko. Watu wakageuka kutazama. Ghati alisubiri huruma imjie, maana binti huyu hakuwa amemtenda lolote. Haikuja. Kilichomjia ni sura ya Clementi akisikia maneno yale, na moyo wake ukaburudika.

"Sogea kidogo, mdogo wangu," alimwambia. "Unawazibia wateja."