Springi Kumi na Sita na Mizani ya Bafuni

Nimechoka. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza mbona nina kisirani. Kwa wiki sita nimekuwa nikiisuka injini moja, ya gari la mashindano la mdogo wangu wa kike, na kwa wiki sita kila mwenye mdomo amekuwa na ushauri.

Mdogo wangu huyo tunamwita Bi Haraka. Alizaliwa kabla mkunga hajafika, na tangu siku hiyo hajamsubiri mtu. Mara mbili ameingia mashindano ya kupanda mlima na injini niliyomtengenezea mimi, na mara mbili amerudi akivutwa kwa kamba. Safari hii alinipa neno la mwisho mbele ya Mama: injini ikimwangusha tena, gari linakwenda kwa fundi wa ng'ambo ya reli, na mimi nisiliguse tena hata tairi. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, nikajua hatanii.

Tukaanza na kamshafti, ile shafti yenye nundu zinazosukuma valvu zifunguke. Yeye alikuwa ameshachagua yake, kwa masikio.

"Kaka, sikiliza hii kwenye simu inavyonguruma. Hii ndiyo."

"Hiyo ni ya injini isiyo na turbo," nikamwambia. "Inaacha valvu za kuingiza na za kutoa wazi pamoja muda mrefu mno. Turbo ikisukuma hewa, inaingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Kelele utakuwa nayo. Nguvu utaisikia kwa wenzako."

"Wewe kila kitu hakiwezekani."

"Mimi kila kitu nakijua, ndiyo shida yangu."

Tulibishana siku nne. Nikashinda kwa jasho, tukachukua kamshafti ya wastani. Nikadhani sasa nitapumua, kumbe bado springi.

Springi ndizo zinazorudisha valvu zifunge. Kwenye injini ya turbo, hewa iliyoshindiliwa huisukuma valvu mgongoni ikitaka kuifungua. Springi ikiwa laini, valvu inachelewa kufunga na injini inakohoa mizunguko ikipanda. Ikiwa ngumu kupita kiasi, inaitafuna kamshafti mpaka nundu zinaisha. Mimi nilitaka kilo thelathini na tano kwa kila springi valvu ikiwa imefunga, basi. Muuzaji wa vipuri akanipa seti tatu nijaribu, laini, za kati na ngumu, kila seti springi kumi na sita na karatasi yake ya vipimo. Karatasi za wauzaji siziamini. Napima mwenyewe, moja moja, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba: unaweka mizani ya bafuni chini ya drili ya kusimama, springi juu yake, unaikandamiza mpaka urefu itakaokaa nao ndani ya injini, halafu unasoma kilo.

Gereji iko uani kwetu, na mizani ni ya nyumbani. Ilinunuliwa kwa ajili ya Mama baada ya upasuaji wa tumbo. Daktari alisema akishuka chini ya kilo hamsini arudi wodini siku hiyo hiyo. Kila Jumamosi Bi Haraka anampandisha, anasoma, anaandika kwa penseli ukutani mwa bafu. Hamsini na tatu. Hamsini na tatu. Hamsini na tatu na nusu. Wodi yenyewe Mama hataki hata kuisikia ikitajwa, maana alilala huko siku arobaini na akaona vitanda vya jirani vikibadilisha watu.

"Mizani ya bafuni si ya gereji," alinifokea nilipokuja kuichukua. "Kaazime dukani."

"Dakika kumi tu, Mama."

"Dakika zako nazijua."

Nikaichukua. Springi laini, ambazo karatasi ilisema ni kilo thelathini, zikasoma thelathini na tano. Za kati, ambazo karatasi ilisema thelathini na sita, zikapita arobaini na moja. Nilicheka peke yangu. Nikampigia muuzaji simu nikamsomea risala nzima kuhusu watu wanaouza vitu wasivyovijua. Yule bwana akanijibu kwa upole, "Fundi, hizo nimezipima kwa mashine." Nikamwambia hiyo mashine aipeleke kwenye chuma chakavu.

Nikazifunga zile laini. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, ananitazama. Mama alisaga valvu kwenye gereji hii pamoja na baba kwa miaka thelathini, na mikono yake ni myepesi kuliko yangu. Alizitazama springi, akaitazama karatasi, akanyamaza. Nikachukulia kwamba ameridhika.

Jumatano Bi Haraka akalipeleka gari kwenye barabara ya kile kiwanda kilichofungwa. Mpaka mizunguko elfu tano kwa dakika, sauti ilikuwa tamu hata nikaanza kujipongeza. Ilipofika elfu sita, turbo ikajaa, injini ikaanza kukohoa. Nikabadilisha plagi. Ikakohoa. Nikabadilisha pampu ya mafuta, nikafungua mabomba yote ya hewa, nikapima upya mkao wa kamshafti mpaka macho yakaniwasha. Wapi! Fundi wa rangi wa mtaa wa pili, ambaye hajawahi kufungua injini maishani mwake, akaniambia labda ni upepo.

Ijumaa Bi Haraka alisimama mlangoni mwa gereji, funguo mkononi.

"Jumapili ndiyo mashindano, Kaka. Kesho nikija kumpima Mama nataka kujua mbichi na mbivu. Ama limepona, ama linavuka reli."

Jumamosi asubuhi sikuwa na kitu kilichobaki cha kushuku. Nikaishuku mizani, kwa hasira tu. Nilikuwa na mfuko wa saruji wa kilo hamsini ambao haujafunguliwa. Nikauweka juu. Hamsini na saba na nusu. Nikautoa, mshale ukarudi kwenye sifuri vizuri kabisa. Nikaurudisha. Hamsini na saba na nusu.

Nikaigeuza, nikaifungua kwa bisibisi. Springi ya kiwandani haikuwemo. Mahali pake palikuwa na springi nyembamba yenye rangi ya kijani, ya breki, kutoka kwenye mkebe wangu mwenyewe wa vyuma vya zamani. Kulabu zake zilikuwa zimekunjwa kwa koleo, safi, bila hata mkwaruzo. Mkono ule naujua, ndio ulionifundisha kushika koleo. Nikaketi juu ya saruji nikapiga hesabu. Hamsini na tatu za ukutani zilikuwa arobaini na sita.

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Nikamwekea ile springi mezani.

"Hii nini?"

"Springi."

"Mama!"

"Umeuliza, nimekujibu."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kuvunja kitu. Wiki nzima nimetukana watu wasio na hatia.

"Uliniona nikifunga zile laini. Umekaa pale mlangoni ukinitazama."

"Nilikuona." Aliendelea kumenya. "Ningesema, ungeniuliza nimejuaje."

"Mama, una kilo arobaini na sita."

"Za kati bado unazo?" Akaweka kisu chini. "Baba, nisikilize. Tukianza sasa hivi, mimi na wewe, jioni tumemaliza. Kesho mwenzako anapanda mlima wake, gari linabaki kwako. Hiyo ya kijani irudishe ulikoitoa, uwe hukuona kitu. Wakinilaza tena mle, sitoki."

Naona aibu kusema kwamba nilifikiria. Springi kumi na sita, saa sita za kazi, na kila mmoja wetu angepata alichokitaka. Alikuwa ameshakunja mikono ya gauni tayari kwa kazi, na mikono iliyotokea humo sikuwa nimeiangalia kwa muda mrefu. Nilikuwa nikimwangalia mshale.

Bi Haraka akaingia kwa mlango wa uani bila kubisha.

"Limepona?"

"Mama ana arobaini na sita," nikasema. "Amebadilisha springi ya mizani."

Alimtazama Mama, akanitazama mimi. Gari hakuliuliza tena. Akaingia chumbani kutafuta mkoba wa hospitali.

Gari langu la mizigo halina injini tangu mwezi uliopita, kwa hiyo lilikuwepo lile la mashindano tu, na chini ya mizunguko elfu tano halikohoi. Tukamkalisha Mama kwenye kile kiti cha kina. Hakutusaidia wala hakutupinga.

"Umeniuza," akaniambia.

"Ndiyo, Mama."

Bi Haraka alimfunga mikanda ya mabegani, akavuta, akavuta tena.

"Kaka, hebu kaza huko kwako."

"Umefika mwisho."

"Haujafika, bado unacheza."

Nikamwonyesha ncha ya mkanda. Nikavua koti langu la kazi, nikalikunja mara mbili, nikalichomeka kati ya mkanda na kifua cha mama yangu, na bado palibaki nafasi.