Vidole Vyekundu vya Mwanamina

Simu ya katibu ilimkuta Zaitun akipiga picha gunia la ufuta. Ilikuwa Jumatano kabla ya adhuhuri, katika chumba chake cha biashara kando ya barabara kuu ya Kibiti. Abdulswamadu, katibu wa umoja wa wafanyabiashara, alikuwa mtu wa salamu ndefu, lakini siku hiyo hakuzunguka.

"Dada Zaitun, umeshinda. Mjasiriamali bora wa matangazo ya mtandaoni. Jumamosi saa nne, ukumbini. Ile video yako ya vidole tutaionyesha kwenye skrini kubwa."

"Ile ya mkeka?"

"Hiyo hiyo. Watu laki sita wameiangalia, na mke wangu peke yake ni nusu yao. Anautaka mkeka ule, sina raha nyumbani."

Zaitun alicheka. Alipokata simu alielekea kibla, akasujudu sijida ya shukrani palepale sakafuni, katikati ya maboksi. Miaka minne nyuma alianza kwa kutangaza mchele wa jirani mmoja wa Mkongo, kwa simu iliyopasuka kioo. Sasa wakulima wa Mkongo, wauza ufuta wa Ikwiriri na wasusi wa mikeka wa delta walimtafuta wenyewe. Chini ya kila video aliandika maneno yaleyale: Rangi halisi, hatujaongeza kitu. Unachokiona ndicho utakachopokea.

Maneno hayo hayakuwa kweli. Kabla ya kurusha video yoyote aliipitisha kwenye filta, rangi ikapanda kidogo. Mchele uling'aa, ufuta ukawa kama dhahabu. Alijiambia kwamba mwanga wa ndani hupunguza rangi, naye anairudisha tu mahali pake.

Video iliyompa ushindi aliichukua Kiongoroni, kijiji cha delta karibu na bahari, nyumbani kwa mjane aitwaye Mwanamina. Mwanamina alikuwa ndani ya eda, mwezi wa tatu, akishona ukili wa mkeka ili siku zipite. Mama mkwe wake aliruhusu vionekane vidole tu. Uso hapana, sauti hapana. Zaitun alilitii sharti hilo kwa heshima zote. Asubuhi ile Mwanamina alikuwa ametia ukindu, majani ya kusukia, rangi nyekundu kwenye sufuria, na vidole vyake vilishika rangi hafifu, kama ya tofali lililonyeshewa. Zaitun aliandika jina la msusi na kijiji chake, wateja wajue kazi ni ya nani. Kisha akapandisha rangi, kama kawaida yake.

Alhamisi asubuhi, Salama alifika kutoka Ikwiriri. Huyu ni mdogo wake Mwanamina, mwenye genge la mboga karibu na stendi. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Dada yangu wanamfukuza," alisema.

"Nani anamfukuza?"

"Shemeji yake, Mfaume, na ukoo mzima wa marehemu. Video yako imefika kule. Wanasema Mwanamina amepaka hina ndani ya eda. Mjane gani anapaka hina, na anampakia nani? Ndiyo maneno yao. Wengine wamefika mbali, wanasema huenda alikuwa na mtu hata kabla mumewe hajafa."

"Si hina ile, Salama. Ni rangi ya ukindu. Nilikuwepo."

"Nimewaambia. Wakaniuliza, rangi ya ukindu tangu lini ikawaka namna ile? Wanawake wote wa Kiongoroni wanatia ukindu rangi. Wanajua kidole kinavyokuwa." Salama alimtazama. "Mimi mwenyewe nimeitazama. Ile ni hina ya bibi harusi. Imekuwaje?"

Zaitun alijifanya kupanga mikeka. "Nitampigia Mfaume."

"Mpigie sasa hivi. Jumamosi asubuhi wanakaa kikao. Wakishaamua, anapandishwa boti ya kwanza maji yakijaa. Zimebaki siku ishirini na tatu amalize eda katika nyumba aliyofiwa. Anachoomba ni hicho tu, asitolewe."

Mfaume alipokea simu akiwa gatini, ambako mtandao ulishika. Alisikiliza hadi mwisho, tena kwa adabu.

"Dada, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini kusoma najua. Umeandika hapo chini, rangi halisi, hatujaongeza kitu. Sasa ama wewe mwongo, ama shemeji yangu mwongo. Niambie, tumwite nani mwongo?"

Zaitun alisema, "Ngoja nikutumie kitu."

Video ya awali, isiyoguswa, ilikuwa bado kwenye simu yake. Aliituma. Jibu lilirudi baada ya robo saa, la sauti, na nyuma yake wanaume wakicheka.

"Hii umeipausha sasa hivi umwokoe shoga yako. Wewe si ndiye fundi wa mambo haya? Umewaambia watu laki sita kuwa ile ndiyo halisi. Ukitaka tukuamini, waambie haohao."

Salama alisikia yote. "Basi waambie," alisema.

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Nipe nafasi nimuombe Mungu aniongoze."

Salama alichukua mkoba wake akaondoka kuwahi basi.

Alasiri ile Zaitun alikwenda kwa mama yake mdogo, Mwanajuma, aliyemlea na kumfundisha Kurani. Walikaa uani wakichambua mchele. Zaitun alieleza kila kitu: tuzo, filta, kikao. Akasema kwamba usiku ataswali istikhara.

"Istikhara ya nini?" aliuliza Mwanajuma.

"Nijue kama niseme kabla ya tuzo au baada."

Mwanajuma aliendelea kutoa chuya. "Mwanangu, istikhara unamtaka Mungu shauri kwenye njia mbili za halali. Nikaolewe huku au kule, nilime au nichuuze. Kusema ukweli hakuhitaji istikhara. Unataka kumfanya Mungu akushikie mlango wakati wewe unajificha ndani."

"Ma'mdogo, nikisema nimekwisha. Wateja wote wataondoka."

"Wataondoka wengine. Kwani nimekwambia hawataondoka?"

Ijumaa aliandika ujumbe mara nne na kuufuta mara nne. Aliomba kwa machozi baada ya kila swala, na kila alipoinuka kwenye mswala alikuwa na sababu mpya ya kusubiri. Kikao kitachelewa. Wazee watakuwa na huruma. Akishapata tuzo atakuwa na sauti kubwa zaidi, watu watamsikiliza. Hii ya mwisho ilimtuliza sana.

Jumamosi saa nne ukumbi ulijaa. Abdulswamadu alishika kipaza sauti na kuwachekesha watu kuhusu mke wake na mkeka. Kisha skrini iliwaka. Vidole vya Mwanamina vilikuwa vikubwa kuliko watu, vyekundu mno, vikienda na kurudi kwenye ukili. Mwanamke wa kiti cha mbele alimnong'oneza mwenzake, "Hina hiyo imekolea, shoga. Nani kampaka?"

Zaitun aliyasikia maneno hayo akiwa njiani kupanda jukwaani. Alipokea cheti, akapokea ngao ya kioo. Kipaza sauti kilifika mkononi mwake. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mama yake mdogo ambaye hakuja, akawashukuru wasusi wa delta. Watu wakapiga makofi. Akarudisha kipaza sauti.

Alipotoka nje ilikuwa saa sita kasoro. Alisimama nyuma ya ukumbi penye kivuli cha ukuta, akaweka video mbili pamoja, ya filta na ya awali. Akazungumza mbele ya kamera bila kujipamba kwa maneno. Alisema kwamba rangi aliiongeza yeye, kwamba huongeza kila siku, kwamba yale maneno ya chini ni uongo wake, na kwamba mwanamke wa Kiongoroni hakupaka hina. Akarusha.

Maoni yalianza kabla hajafika kwake. Mmoja aliandika, "Kumbe na ufuta wa Ikwiriri mnaupaka poda?" Mwingine alitaka mkeka wake urudishwe. Wauza mchele wawili wa Mkongo walisema watatafuta mtu mwingine. Abdulswamadu alipiga, sauti yake imekauka.

"Dada, kila mtu anaongeza rangi. Ifute hiyo, uirushe wiki ijayo. Tumekupa tuzo saa mbili zilizopita. Unatuweka wapi?"

"Njoo uichukue ngao yenu, kaka. Video siifuti."

Mfaume alipiga saa kumi. "Tumeiona," alisema. "Wazee wameiona pia. Tumemdhulumu, na mimi ndiye wa kwanza." "Lakini boti ya kuvukia bara, Nyamisati, iliondoka saa tano. Yumo ndani yake. Ungesema hata asubuhi, dada. Hata asubuhi."

Jumapili Zaitun alikwenda Ikwiriri. Salama alimfungulia mlango, akamwonyesha chumba cha ndani bila kumsalimu. Mlangoni palikuwa na pazia la kanga mbili zilizounganishwa. Zaitun alitoa salamu, ikaitikiwa. Alipogusa pazia, sauti ilimzuia.

"Kaa hapohapo."

Zaitun akaketi sakafuni. "Mwanamina, watu wote wameshajua ukweli. Mfaume amesema urudi."

"Najua. Nimeuliza kwa sheikh, akasema nilipotua nitulie. Siku ishirini zilizobaki nitazikalia hapa, kwenye chumba cha magunia ya vitunguu." Alizungumza polepole, kama mtu anayehesabu ukili. "Walinipitisha gatini mchana, Zaitun. Wanaume wamejipanga. Miezi mitatu na siku ishirini sijaonwa na mwanaume wa nje, wakanipitisha pale wote wakiangalia mikono yangu. Nilikuwa nimeifungia ndani ya shuka."

Kisha Mwanamina akauliza:

"Salama alikuja kwako lini?"

"Alhamisi."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa tatu."

 

"Mimi nimepandishwa boti Jumamosi," alisema Mwanamina.

"Nisamehe. Kwa ajili ya Mungu, nisamehe."

"Kwa Mungu nimekusamehe. Tangu jana nimekusamehe, nisije nikaswali na wewe umenikaa moyoni."

Zaitun alifuta uso kwa upande wa mtandio, akapiga magoti kutaka kuinuka. "Basi niruhusu niingie nikushike mkono. Mimi ni mwanamke mwenzako, eda haikukatazi."

"Eda haikatazi," alisema Mwanamina. "Mimi ndiye nisiyetaka."